Funga Mlango, Mwanangu

Mama Mdogo alifika kwangu Magomeni Ijumaa moja jioni, Oktoba 2011. Alitoka Pangani alfajiri, akapitia Muheza, Segera na Chalinze mpaka Ubungo, na safari nzima kikapu chake amekikumbatia upande wa kushoto wa kifua. Nilidhani analinda mayai. Nilipompokea, nikakuta ndani mna madafu mawili na samaki wa kukaanga waliofungwa kwenye gazeti.

Chakula hakukigusa. Alioga, akaswali Isha, akangoja mume wangu atoke kwenda barazani. Ndipo akasema, "Funga mlango, mwanangu. Na dirisha."

Huyu ndiye aliyenifunda nilipovunja ungo. Alinieleza habari za damu, za usafi, za mume, mambo ambayo mama yangu mzazi asingeweza kuyatamka mbele yangu. Kuhusu maziwa alinipa neno moja tu: yafunike. Kwa hiyo alipoifungua kanga nikainamisha macho.

"Usione haya. Lete mkono."

Akachukua vidole vyangu vitatu, akaviweka upande wa nje wa ziwa la kushoto, karibu na kwapa. Kwanza sikuhisi kitu. Akanikandamiza mkono kwa mkono wake, nikakikuta: kigumu, kama kokwa ya zambarau iliyoshonewa ndani ya godoro. Nilijaribu kukisogeza, hakikusogea. Ngozi ya juu yake ilikuwa na vitundu vidogo vidogo kama ganda la chungwa, na chuchu imeingia ndani kana kwamba kuna uzi unaivuta.

"Kinauma?"

"Kingekuwa kinauma ningekuja zamani. Jipu huuma, mwanangu. Hiki hakijaniuma hata siku moja."

Alikuwa fundi cherehani kwa miaka ishirini na zaidi, mtu wa kupapasa kitambaa gizani akakuambia kimefumwa vibaya wapi. Kivimbe chenyewe alikigundua akioga, usiku wa kuamkia Idi ya mwaka uliotangulia, kikiwa kama punje ya mbaazi. Akanyamaza. Baadaye alikwenda zahanati fulani, wakamwambia ni jipu la maziwa, wakampa vidonge vya siku saba. Jipu la maziwa, kwa mwanamke aliyeachisha mtoto wake wa mwisho miaka kumi na tisa nyuma! Mpaka leo nikilikumbuka hilo nashikwa na hasira. Kisha zikaja dawa za majani, za kunywa na za kubandika, miezi mitano mizima. Alipofika hospitali ya Tanga wakachukua kinyama, na majibu yalipotoka wakampa barua ya kuja Dar. Barua hiyo ilikuwa chini ya samaki.

Miaka baadaye nilisoma habari za utafiti uliofanyika Shanghai kwa wanawake zaidi ya 260,000 wa viwanda vya nguo. Kundi moja lilifundishwa kujipima matiti, jingine halikufundishwa. Matokeo yalipotangazwa mwaka 2002, vifo vya saratani ya matiti havikupungua kwa waliofundishwa, ila walikatwa vinyama vingi zaidi ambavyo havikuwa na saratani. Niliumia kuyasoma, kwa sababu nilikuwa nimewaambia wanawake wengi kwamba mkono wako ndio kinga yako. Halafu nikamkumbuka fundi wangu. Vidole vyake vilikiona mapema, kikiwa punje. Mwaka mzima na mwezi mmoja ulipotea kati ya bafu lile na hospitali, kwa haya, kwa hofu, na kwa kuambiwa maneno yasiyo na kipimo. Siku hizi nikizungumza na wanawake nasema hivi: lizoee ziwa lako, ujue lilivyo siku zote, na likibadilika nenda hospitali wiki hiyo hiyo, udai kipimo. Uvimbe mwingi si saratani. Wangu wa mwaka 2016 haukuwa. Ultrasaundi ilionyesha, kinyama kikathibitisha, ingawa siku tisa za kungoja majibu nilikuwa silali.

Yeye walimwondoa ziwa. Akawekewa dripu, kisha mionzi pale Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar, katika majengo yale ya zamani ya Wajerumani, ambako ukikaa nje kungoja zamu unapigwa na upepo wa bahari. Aliupenda upepo ule. Alisema unanuka Pangani. Alifariki mwaka 2014.

Lakini usiku ule wa Magomeni hakuwa na habari ya kufa. Nilipomaliza kulia akanitazama akasema, "Sasa wewe." Muuguzi wa Tanga alikuwa amemfundisha juma lile, naye hakutaka somo hilo lilale bila kunifikishia. Akanisimamisha mbele ya kioo: mikono chini, mikono juu, mikono kiunoni, tazama kama kuna pavutwapo. Akanilaza, mkono mmoja chini ya kichwa. "Si kwa ncha za vidole. Tumia nyama yake. Zungusha kidogo kidogo, kama unasaka pini iliyopotelea ndani ya pindo. Kwanza polepole, kisha kandamiza mpaka uguse mbavu. Panda hadi kwenye mtulinga, ingia kwapani." Nifanye siku chache baada ya hedhi kuisha, ziwa likiwa limelegea.

Aliurudia mzunguko mara mbili, kulia na kushoto, macho ameyafumba, midomo ikimchezacheza kama mtu anayehesabu mishono. Vidole vyake vilikuwa na sugu la mkasi, na vilikuwa baridi.

"Hamna kitu," akasema.

Akaivuta kanga yangu, akanifunga kifuani na kuchomeka pindo kama alivyokuwa akinifunga nikiwa mtoto nikitoka kuoga.

"Haya. Fungua mlango, nile sasa."