Mvua ya Fufu na mbwa aitwaye Tutaona

Mbwa niliyesafiri naye aliitwa Tutaona. Jina alipewa na fundi baiskeli wa mtaani kwetu Chang'ombe, Dodoma, siku niliyomwokota akiwa mdogo kama kiatu, viroboto tele na jicho moja limefumba. Fundi alimtazama, akanitazama na mimi nisiye na hata kuku nyumbani, akasema, "Haya, tutaona." Likanata hilohilo. Sijawahi kulijutia ila siku moja tu, Februari 2020, chini ya vilima vya Fufu.

Ilikuwa siku ya pili ya safari ya kwenda Iringa kupitia Mtera, kilomita kama 260. Baiskeli yangu ni ile ya Kichina ya kawaida, gia moja. Nyuma kwenye keria nilifunga tenga la kuku nililolipanua mdomo, ndani kuna gunia kuukuu na Tutaona, kilo kumi na nne. Hema, sufuria na blanketi vilikuwa kwenye viroba pembeni, vimebanwa kwa vipande vya tyubu. Dodoma iko juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na bwawa la Mtera likijaa kabisa maji yake yako mita 698.5. Kwa hesabu hiyo nilijiambia ni mteremko mtupu. Vilima vya Fufu havijasoma hesabu.

Mvua ilitukamata saa tano asubuhi. Kwetu mvua hailaaniwi. Tuna msimu mmoja tu, Desemba hadi Aprili, na mwaka mzima tunaambulia kama milimita 570. Kina mama waliojikinga chini ya mbuyu waliponipungia mkono nikawajibu kwa sauti, "Mvua ya heri!" huku maji yakinitiririka mgongoni hadi ndani ya suruali. Moyoni nilikuwa nasema mengine.

Shida ilikuwa breki. Rimu ya chuma ikilowa, raba inateleza juu yake kama kipande cha sabuni. Unavuta, hakuna kitu. Gurudumu likizunguka mara kadhaa na maji yakapanguswa, inashika ghafla, na mwenye tenga la mbwa mgongoni hataki kushikwa ghafla. Basi kila mteremko niliuanzia breki kabla sijaufikia. Malori yakipita yanatumwagia maji, Tutaona anapiga chafya, kisha anaegemeza kidevu kiunoni kwangu kama abiria aliyelipa nauli.

Saa tisa nikaiacha lami nikafuata njia ya vumbi, nikitaka kulala karibu na bwawa. Vumbi nimesema kwa mazoea tu. Ulikuwa udongo mweusi wa mbuga, ule unaonata. Hatua ishirini, umejaa kati ya tairi na madigadi, gurudumu limeganda. Nachokoa kwa kijiti, nasukuma, hatua ishirini tena. Mwisho nikapiga magoti kwenye tope, nikatoa spana namba 10, nikang'oa madigadi ya mbele na kuitupia kwenye kiroba. Tutaona alikuwa ameshuka, anainua mguu mmoja mmoja na kuukung'uta kwa karaha. Huyu mbwa hapendi kulowa miguu. Naomba hilo likumbukwe, maana nikisimulia kisa hiki watu hutaka kumfanya shujaa.

Tukafika korongo. Maji yalikuwa yanafika magotini, ya rangi ya chai ya maziwa, na upana wake ni kama wa barabara. Mvua kwetu ilikuwa imeshapungua, ikawa manyunyu tu, nikaona tunavuka. Nikakunja suruali, nikaingiza gurudumu la mbele. Tutaona akakaa chini. Nikamwita, hakuinuka. Nyuma yangu, chini ya mkwaju, kulikuwa na mzee aliyejifunika mfuko wa mbolea kichwani, na mbuzi wake wamemzunguka. Sikuwa nimemwona.

"Kijana," akasema, "usivuke."

Na mimi, macho yako kwa mbwa, hasira zimenipanda, nikapaza sauti: "Tutaona! Tutaona!"

Kimya. Kisha yule mzee, taratibu kabisa: "Utaona nini? Kaburi?"

Niligeuka nikaelewa nimefanya nini. Nikaacha baiskeli pale pale, nikaenda na shikamoo yangu, nikachanganya na Kigogo cha kuokoteza, mbukwenyi, mbukwenyi. Nikamweleza kwamba ni jina la mbwa. Marahaba hakuitoa haraka. Akamwangalia mbwa, akaniangalia mimi, nami nikaona haamini. Nikasema, "Babu, mwite wewe." Akakataa. Mtu mzima hawezi kumwita mbwa wa watu kwa jina la kipuuzi.

Tukiwa katika mabishano hayo korongo likanguruma. Ni sauti ya lori likipanda mlima kwa gia nzito, tena lori lisiloonekana. Yakaja na matawi na povu la kahawia, yakapanda ukingo, na pale nilipokuwa nimekunja suruali pakawa hapaonekani. Mvua ilikuwa imenyesha kwenye vilima, sisi tulikuwa tunapokea ya wenzetu. Nilivuta baiskeli yangu nyuma huku mikono ikitetemeka. Mzee hakusema "nilikwambia." Aliuliza tu kama mbwa amechanjwa kichaa. Nikatoa kadi ya chanjo kwenye mfuko wa plastiki. Aliikagua mbele na nyuma, ingawa nadhani hakuwa na miwani yake, akasema, "Kwangu si mbali. Huko bwawani usiku viboko hutoka kula majani, hema lako watalikanyaga."

Kwake ilikuwa tembe ya zamani, paa bapa la udongo juu ya fito. Bibi alitupa ugali wa uwele na mlenda, tukala bila maneno mengi. Nilikaribishwa ndani, nikasema nitalala kwenye hema uani, karibu na zizi, kwa sababu ya mbwa. Bibi alishangaa mtu na mbwa kulala hema moja, ila alikuwa mstaarabu, akaishia kuguna.

Usiku mvua ikarudi, ya nguvu. Mnamo saa nane nikasikia zipu ya hema inavutwa. Ni wajukuu watatu, wamelowa, wamefunikwa khanga moja. Tembe ilikuwa inavuja kila kona. Hawakuomba ruhusa. Waliingia, wakampanga Tutaona katikati kama mto, wakalala. Mimi nilimaliza usiku nimekaa, miguu iko nje ya hema, turubai kichwani.

Asubuhi jua lilikuwa limeshatoka, na korongo limebaki uzi wa maji ambao hata kuku angevuka. Nikafunga viroba. Mzee alikuwa juu ya paa na jembe, anashindilia udongo wa kichuguu penye matobo, mjukuu mmoja anampandishia kwa ndoo. Nikamwita mbwa tuondoke. Alikuwa na watoto nyuma ya zizi, hakujisumbua. Nikamwita tena.

Mzee akaacha jembe. Akatazama huku na huku kama anahakikisha bibi hayupo karibu.

"Tutaona!" akaita.

Mbwa akatoka mbio nyuma ya zizi, akanipita, akaenda kukaa chini ya ngazi ya paa, mkia unapiga tope.