Kioo, Dafu na Adhana: Jinsi Nilivyompata Dereva Aliyenigonga Akakimbia

Watu wa kunishauri niachane na jambo hili walifika hospitalini kabla ya mke wangu. Shemeji yangu alisimama kando ya kitanda, akatikisa kichwa, akasema kwamba ajali ni kadari ya Mwenyezi Mungu na kwamba mtu mzima hafukuzani na gari. Maumivu hayakunipa nafasi ya kumjibu, lakini nilijisemea moyoni kwamba kugongwa huenda kukawa kadari. Kuongeza mwendo na kumwacha mtu mtaroni ni kazi ya mja, tena mja mwenye leseni.

Mimi ni fundi saa. Kibanda changu kiko karibu na soko la Malindi na nyumba yangu iko Msabaha, kando ya barabara iendayo Gede na Mombasa, na kwa miaka mingi nimekwenda kazini na kurudi kwa baiskeli yangu nyeusi, ile ya chuma kizito ambayo wajukuu huiita mzee mwenzangu. Mwishoni mwa Machi 2022, siku chache kabla ya mwezi wa Ramadhani, nilikuwa narudi nyumbani jioni, nimekwisha kuupita uwanja wa ndege, nikijibana upande wa kushoto kabisa pale lami inapomegeka na mchanga kuanza. Gari lilitokea nyuma. Sikulisikia mpaka kioo chake cha pembeni kilipolipiga bega langu la kulia, nikaruka mtaroni na baiskeli ikanifuata. Nililala chali, mtulinga umevunjika na kifundo cha mkono wa kulia kimepinda upande ambao hakikuumbiwa, na muda si mrefu nikaisikia adhana ya Magharibi kutoka msikiti wa jirani. Adhana hiyo itarudi tena mahakamani.

Aliyenitoa mtaroni ni kijana anayeuza madafu kando ya barabara. Kabla hata ya kunishika mkono alikuwa amefanya mambo mawili yenye akili kuliko yote niliyoyafanya mimi wiki ile. Alikiokota kile kioo, ambacho kilikuwa kimekatika pamoja na nusu ya shingo yake, akakitia katika kikapu changu. Na kwa kuwa hakuwa na kalamu wala karatasi, akaichora namba ya gari kwa ncha ya panga juu ya ganda la dafu. Kwa hiyo nilifikishwa hospitalini kwa tuktuk nikiwa na mkono uliovunjika, kioo kimoja na dafu moja.

Mpwa wangu alikwenda kituoni usiku uleule kuandikisha taarifa, akarudi na namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, kwenye kipande cha karatasi. Hilo ni jambo dogo, lakini bila namba ile hakuna mtu atakayekusikiliza baadaye. Nilipotoka hospitalini nilikwenda mwenyewe, dafu mkononi. Afande aliyekuwa zamu alilitazama dafu, akanitazama mimi, akawaita wenzake waje walitazame dafu. Walipokwisha kucheka wakaitafuta ile namba, wakaniambia kwamba gari hilo halipo katika sajili. “Mzee,” aliniambia kwa upole ambao uliniudhi zaidi kuliko ukali, “kijana wako ameota. Tuletee gari lililopo.”

Nyumbani nikakuta mwanangu, kwa mapenzi yake, amekwisha kuipeleka baiskeli kwa fundi, gurudumu limenyoshwa na fremu imepakwa rangi mpya. Hatukuwa tumeipiga hata picha moja. Sikuwa na moyo wa kumgombeza, na mpaka leo sisemi mengi juu ya hilo, ila anayesoma haya akigongwa leo aiache baiskeli yake ilivyo, hata kama inazuia mlango.

Baada ya hapo akaja broka, yaani dalali wa kesi za ajali. Watu hawa hujua habari za ajali kabla ya ndugu wa majeruhi. Huyu alivaa shati safi, akaniita “babangu”, akanieleza kwamba sheria inanipa shilingi milioni tatu na kwamba kinachohitajika ni mimi kutia sahihi na kutoa elfu mbili za kufungulia faili. Nilitia sahihi kwa mkono wa kushoto. Karatasi ilikuwa tupu upande wa juu, nami nikaambiwa itajazwa ofisini. Akaondoka na pesa, pamoja na karatasi halisi za hospitali, na simu yake ikawa haipatikani tangu jioni ile. Baadaye wakili wangu halisi alinifafanulia kwamba milioni tatu ni kiwango cha juu kabisa ambacho bima ya lazima humlipa mtu mmoja chini ya Sura ya 405 ya sheria za Kenya, yaani ni dari na si bei. Kupata nakala mpya za karatasi zile kulinigharimu safari nne na nauli ambazo sikuzihesabu.

Nilipokuwa nimekaa kibandani, mkono umefungwa shingoni na kazi haifanyiki, ndipo nilipokikumbuka kile kioo. Nilikibana kile kilenzi changu jichoni, kile ninachotazamia mashine za saa, nikaanza kukikagua kioo kama ambavyo ningeikagua saa ya mteja anayeshuku kwamba ameuziwa bandia. Ndani ya ganda la plastiki, chini ya vumbi, mlikuwa na tarakimu ndogo zilizochongwa kiwandani. Nilizinakili, nikampelekea muuzaji wa spea. Naye, bila kuinua kichwa, aliniambia kwamba hicho ni kioo cha kushoto cha pikapu ya aina fulani, na kwamba rangi ile ya maziwa niliyoiona kwenye shingo yake si ya kiwandani, ni ya kupakwa. Nilijiona mpelelezi. Nikapita kwa wauzaji wote wa spea na mafundi wa bodi niliowafahamu, nikawaomba kwamba yeyote atakayekuja kutafuta kioo cha namna ile, wanipigie simu.

Simu ilipigwa siku ya tatu. Nilitoka mbio na mkono wangu shingoni, nikamkuta mtu mzima wa makamo amesimama kando ya pikapu isiyo na kioo cha kushoto. Sikumpa nafasi ya kusema hata salamu. Nilimhutubia kwa muda wa dakika kumi juu ya amana, juu ya haki ya jirani na juu ya siku ambayo viungo vyetu vitatushuhudia, mpaka watu wakajaa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia kwa utulivu kwamba yeye ni mwalimu wa madrasa, kwamba kioo chake alikivunja mwenyewe kwenye nguzo ya lango lake, na kwamba amefurahi kuona bado wapo watu wanaoyakumbuka mafunzo. Tena gari lake lilikuwa la buluu! Nililiona hilo mwishoni kabisa. Nilimwomba radhi, na mpaka leo saa yake naitengeneza bure.

Muuzaji wa spea alinihurumia, akaniuliza iwapo sina namba ya gari. Nikamwonyesha dafu, ambalo wakati huo lilikuwa limeanza kusinyaa na kugeuka kahawia. Aliigeuza ile namba mara mbili, akacheka, lakini hakucheka kama wale wa kituoni. “Fundi, herufi ya mwisho hapa imeandikwa O. Hakuna gari Kenya lenye namba inayoishia na O wala I, kwa sababu zingechanganywa na sifuri na moja.” Basi kumbe kijana hakuota, alijaribu kuchora herufi nyingine kwa panga, na panga halichori vizuri kitu cha mviringo. Ilikuwa ama D ama Q. Nilimrudia kijana, nikamchorea zote mbili mchangani, akasema kweli ile herufi ilikuwa na kimkia lakini dafu lilikuwa linateleza.

Mpwa wangu akaitafuta namba yenye Q kwa njia ya mtandao katika huduma za NTSA, ile mamlaka ya usafiri na usalama barabarani inayosajili magari, kwa ada ya shilingi mia tano na kitu, na gari likatoka: pikapu ya aina ileile, na jina la mwenyewe. Kwa kuwa mimi ni mtu wa kuhakikisha, tukalipa tena na kuitafuta yenye D, likatoka gari dogo la abiria lisilohusika kabisa. Pesa ya pili ilikuwa ya kuburudisha roho tu.

Hapa ndipo watu wengi wangelikimbilia gari. Mimi nilikuwa nimekwisha kumhutubia mwalimu wa watu, nikaona bora niandike. Niliandika barua ya ukurasa mmoja na nusu kwa mkuu wa kituo, nikataja namba ya OB, namba ya gari na kifungu cha 73 cha Sheria ya Trafiki, ambacho humtaka dereva aliyesababisha ajali asimame, na kama hakutoa habari zake pale pale, aripoti polisi haraka iwezekanavyo na kwa vyovyote ndani ya saa 24. Chini nikaandika kwamba nakala itapelekwa IPOA, ile mamlaka huru inayoangalia utendakazi wa polisi. Kisha nikasimama kaunta mpaka nakala yangu ikapigwa muhuri wa kupokewa. Sijui ni barua au ni muhuri, lakini juma lile nikapewa mpelelezi, na hakuna aliyecheka tena.

Mwenye jina katika sajili alipatikana Mtwapa, akasema gari aliliuza zamani bila kubadilisha umiliki. Alipoelezwa kwamba sheria humhesabu aliyeandikwa kuwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vinginevyo, hati ya mauzo ilipatikana siku hiyohiyo, pamoja na simu ya mnunuzi. Na mnunuzi alikuwa wapi? Alikuwa mfanyabiashara wa maembe ambaye pikapu yake, inayoendeshwa na dereva wa kuajiriwa, ilipakia mizigo nyuma ya soko kila wiki, hatua kama mia tatu kutoka kwenye kibanda changu. Huenda nilikula embe lake.

Walikuwa wamefunga kioo kingine kwa waya juu ya kigutu cha shingo ya zamani, kwa ubahili ambao ninaushukuru. Uani mwa kituo, mpelelezi alikishika kipande changu na kukisogeza kwenye kigutu kile, mpasuko ukaingia katika mpasuko kama meno ya gurudumu la saa. Dereva alikitazama, kisha akaangalia chini.

Hata hivyo mahakamani Malindi alikana mashtaka yote matatu: kuendesha bila uangalifu, kutosimama na kutoripoti. Kesi iliahirishwa mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na mara moja nilifika mimi, kijana wa madafu na benchi. Siku niliyotoa ushahidi, wakili wake aliniuliza iwapo baiskeli yangu ilikuwa na taa. Nilikiri kwamba haikuwa nayo. Nyuma nilikuwa nimefunga sidii kuukuu iliyometameta juani. Akasema basi kulikuwa na giza, na dereva hakuniona wala hakujua amegonga mtu. Akaniuliza ilikuwa saa ngapi hasa. Nikajibu kwamba sikuvaa saa. “Wewe ni fundi saa,” alisema, “na huvai saa?” Mahakama nzima ilicheka, na hakimu alitabasamu.

Nikaomba ruhusa nieleze. Nilisema kwamba niligongwa kwanza, nikalala mtaroni, ndipo adhana ya Magharibi ikasikika. Na Magharibi haiadhiniwi ila jua likiisha kuzama. Kwa hiyo gari liliponigonga jua lilikuwa halijazama. Nilikuwa nimekuja na ratiba ya nyakati za swala ya mwezi ule, iliyobandikwa msikitini na kuombwa kwa imamu, inayoonyesha Magharibi karibu na saa kumi na mbili na nusu. Kijana wa madafu naye alisema kwamba alikuwa akikunja biashara yake aende kuswali. Wakili hakuuliza swali jingine juu ya giza. Dereva alitiwa hatiani, akatozwa faini, ambayo huenda serikalini wala hainiponyi mimi hata kidole.

Fidia ni njia nyingine, na ni lazima uifungulie kesi ya madai ndani ya miaka mitatu tangu siku ya ajali. Abstrakti ya polisi, yaani hati ya muhtasari wa ajali, ilikuwa na jina la bima, P3, ile fomu ya polisi ya kueleza majeraha, ilikuwa imejazwa na daktari wakati plasta ikiwa bado mkononi, na hukumu ya trafiki ilikuwa imekwisha kutoka, kwa hiyo wakili wangu hakuchelewa. Bima ilikubali kulipa nje ya mahakama baada ya barua kadhaa, ikakata asilimia kumi kwa sababu ya ile taa ambayo sikuwa nayo. Nilipokea laki tatu na ushee, wakili akachukua yake, broka hakupata kitu. Siku ya pili nikanunua taa ya mbele na ya nyuma kwa bei ambayo naona haya kuitaja, kwa sababu ukiilinganisha na ile asilimia kumi utacheka.

Shemeji yangu sasa huisimulia habari hii barazani, na katika simulizi yake husema “tulipoifuatilia”. Dafu lilibaki kuwa kielelezo mpaka likaoza, nikaambiwa nilichukue au litupwe. Mkono umepona kiasi. Saa za kiume nazifanya kama zamani, lakini zile ndogo za kike, zenye skurubu kama punje ya mchanga, nampa kijana niliyemfundisha, nami hukaa kando nikimwangalia.