Mkataba Ulionikuta Kwenye Feri ya Kamanga

Jana nilikuwa kwenye feri ya Kamanga, navuka kwenda Sengerema kumsalimia bibi, ujumbe ukaingia kwenye simu. Wakala wangu wa Bangkok, Thailand, anayenipatia kazi ya kufundisha watoto Kiingereza, ametuma mkataba wa mwaka wa masomo unaoanza katikati ya Mei. Nikaufungua palepale, nimesimama kati ya pikipiki na matenga ya nyanya. Baht 25,000 kwa mwezi, ileile ya miaka mitatu. Na mbele ya jina langu wameandika kama kawaida yao: mwalimu asiye mzawa wa Kiingereza.

Baht moja ni kama shilingi 75, pigeni hesabu. Najua mtakachosema, maana mama hapa Kirumba ameshakisema. "Mwanangu, karibu milioni mbili, na bado umenuna? Si wewe uliyekuwa unalipwa laki tatu na nusu pale Nyakato, tena kwa mafungu?" Ni kweli, mama. Hela hiyo ndiyo iliyoezeka nyumba ya bibi, na nashukuru kila siku. Ila kuna jambo mama halioni kwa sababu hayupo kule.

Mwaka jana tuliletewa kijana kutoka Uingereza. Miaka 22, digrii ya masoko, darasa hajawahi kulisimamia hata siku moja. Baht 38,000. Wiki ya kwanza watoto wa miaka minne wakamshinda kabisa, wengine chini ya meza, wengine wanalia, akaja mlangoni kwangu amepauka. Nilimsaidia, na ningemsaidia tena, kwa sababu ni mtoto wa watu na ana adabu. Nikampa nyimbo zangu, nikamwonyesha jinsi ya kuwatuliza kabla ya usingizi wa mchana, nikamwachia vizibo vyangu vya soda. Vile vizibo nilivibeba kutoka Mwanza, 200, nimeviosha na kuvianika mwenyewe. Ndivyo nilivyofundishia kuhesabu darasa la pili lenye watoto 112, wanne wanne kwenye dawati. Mtu aliyetoka huko, watoto 28 wenye feni na zulia hawamtishi.

Mwisho wa mwezi yeye 38, mimi 25.

Katika matangazo ya kazi kule, wazawa wa lugha ni wa nchi saba: Uingereza, Ireland, Marekani, Kanada, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Hakuna anayekusikiliza ukiongea kwanza. Wanafunua pasipoti. Wafilipino niliokaa nao ofisi moja wana digrii za ualimu zenyewe, wana uvumilivu ambao sijauona kwingine, na wako fungu letu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kazi hii ninaijua kwa sababu ileile wanayonipunguzia mshahara. Mimi Kiingereza nilikitafuta. Nimekikuta sekondari nikiwa mkubwa, nikajikwaa nacho mbele ya watu, kwa hiyo najua ulimi wa mtoto unakwama wapi. Kithai hakimalizii neno kwa l wala kwa s. Ukimwambia mtoto aseme "ball", anasema "bon". "House" inakuwa "hao". Yule kijana alikuwa akirudia tu neno kwa sauti kubwa, na mtoto naye anarudia "bon" kwa sauti kubwa. Sisi watu wa Kanda ya Ziwa tumechekwa kwa r na l tangu utotoni, najua kwamba kelele hazisaidii. Na najua Mswahili akikutana na neno lililoishia hewani hulipa irabu: basi, benki, skuli. Nikajaribu hivyo. Nikawapa irabu yetu: ba-lu. Kila mtoto na kioo kidogo cha plastiki mkononi, aone ncha ya ulimi inagusa nyuma ya meno. Ba-lu, ba-lu, wiki nzima. Kisha tukaanza kuipunguza ile u, wakiinong'ona, mpaka ikabaki l peke yake. Siku mtoto wa kwanza alipotamka "ball" kamili nilitoka nje nikafuta machozi. Hilo halikuandikwa kwenye pasipoti ya mtu.

Nisiwanyime haki yao watu wa kule. Mwezi wa Juni, siku ya Alhamisi, wana sherehe inaitwa Wai Khru, ya kuwaheshimu walimu. Mtoto anakuletea maua kwa magoti. Kuna ua la bilinganya, kwa sababu huinama chini kama mtu mnyenyekevu, na kuna majani ya ukoka, yanayotambaa popote kama akili ya mwanafunzi inavyotakiwa. Mara ya kwanza sikujiandaa. Nilikuwa nimetoka kusoma malalamiko ya mzazi mmoja kwamba mwalimu ni mweusi mno, mtoto ataogopa. Halafu binti yake huyohuyo akapiga magoti mbele yangu, viganja vimekutana, kichwa chini. Nikawaona wasichana wa kwetu Usukuma wanavyopiga goti kumwamkia mkubwa. Tangu siku hiyo yule mtoto haingii darasani mpaka amenishika mkono.

Wadogo zangu mnaonitumia ujumbe usiku, "dada nifanyie mpango", nisikilizeni. Bila digrii msijisumbue, kibali cha kazi hakitoki. Kwa kuwa pasipoti yetu haimo kwenye zile nchi saba, shule nyingi zitawadai na matokeo ya TOEIC, mtihani wa kupima Kiingereza, ufanyeni kabla ya safari. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano msiisahau. Msikubali kuingia kwa viza ya utalii eti mtabadilisha hukohuko; ukizidisha siku ni faini ya baht 500 kila siku, hadi 20,000, na ukikamatwa kazini bila kibali wakala hatapokea simu yako. Ulizeni kama likizo ya Aprili inalipwa. Yangu hailipwi, ndiyo maana mnaniona soko la Mwaloni nanunua dagaa wa bei ya jioni.

Na mtu akikuahidi kazi ya kompyuta Thailand, mshahara mnono, tiketi juu yake, kataa. Wapo wanaopokelewa uwanja wa ndege Bangkok na kupelekwa Mae Sot, wanavushwa mto usiku kwenda Myawaddy, Myanmar, wanafungiwa na kulazimishwa kutapeli watu mtandaoni. Mwanzoni mwa 2025 maelfu walitolewa huko, wakiwemo Wakenya na Waethiopia. Hao ni Waafrika wenzetu, na Wakenya ni majirani zetu kabisa.

Bibi nilimkuta anapepeta mchele. Nikamsomea mkataba kwa Kisukuma, mstari kwa mstari, akanisikiliza hadi mwisho bila kuinua uso. Akauliza swali moja tu: huyo kijana, vizibo vyako alivirudisha?

Alivirudisha vyote, bibi, tena na barua ya shukrani.

"Basi mwombe akuandikie barua nyingine, uwapelekee hao."

Nimemwandikia leo asubuhi, amenijibu ndani ya saa moja, kurasa mbili, kaeleza kila nilichomfundisha. Nimeiambatisha kwa wakala pamoja na ombi langu: baht 35,000, na Aprili ilipwe. Ameshaisoma. Hajajibu bado.