Siku Mama Alipopimwa kwa Sauti ya "Da"

Yule binti wa maabara alimwomba Mama radhi kabla ya kumgusa kichwa. Mama akafungua ushungi mwenyewe, akavua hereni ya kulia, akakaa. Kibandiko kimoja utosini, kingine kwenye paji la uso, cha tatu kwenye ndewe, pembeni ya tundu alilotogwa utotoni. Akawekewa spika ndogo sikioni, na mbele yake filamu isiyo na sauti.

Alikuwa amekuja Marekani kutoka Tanga kunitembelea, mwaka 2013, akiwa na miaka 67. Tulijitolea watatu kwenye utafiti wa chuo kikuu: yeye, mimi na binti yangu wa miaka 8. Mimi nilikuwa na langu moyoni. Mama alishapimwa masikio, akaambiwa ni mazima kwa umri wake. Lakini kwenye shughuli yenye watu wengi hubaki anatabasamu tu, maneno yamempita. Baadhi ya ndugu walishaanza kusema anajifanya. Liliniuma sana hilo.

Sauti ilikuwa moja: "da", ikarudiwa maelfu ya mara, maana umeme unaotolewa na ubongo kwa kila "da", unaonaswa na vibandiko vile, ni mdogo mno, lazima yakusanywe majibu mengi ndipo wimbi lionekane. "Kama mtu anataka kuita dada halafu anakatishwa," Mama aliniambia alipotoka. Hujibu kitu wala hubonyezi kitu. Shina la ubongo, pale chini usawa wa kisogo, linajibu lenyewe hata ukisinzia, milisekunde chache tu baada ya sauti kufika sikioni.

Kwenye skrini mwanangu alinitangulia, na wimbi lake lilikuwa kubwa kuliko langu. La Mama lilichelewa na kufifia. Binti wa maabara alituonya kwamba wimbi la mtu mmoja si hukumu, ila akaniwekea kidole pale lilipochelewa: mwanzoni, "d" inapogeukia "a", sauti inapobadilika upesi. Irabu ilipotulia, Mama aliifuata bila tabu. Konsonanti ndizo zinazomponyoka, na ndizo zinazotenganisha neno na neno.

Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern, akiwamo Nina Kraus, walichapisha vipimo vya watu zaidi ya 500, kuanzia watoto wa miezi 3 hadi wazee wa miaka 72. Jibu la shina la ubongo huendelea kubadilika utotoni, likawa la haraka kupita la watu wazima katika umri wa shule ya msingi, kisha uzeeni likachelewa. Nilipoisoma niliiona familia yangu mle.

Lakini jioni ileile ya kipimo nilikuwa nimeshampigia kaka simu Tanga.

"Si walisema masikio mazima?"

"Mazima, kaka. Usimpigie kelele. Zima redio, mkabili, useme taratibu."

Akanyamaza kidogo, kisha akaomba apewe Mama.