Siku moja maishani mwangu: kutafuta ukweli ndani ya injini ya Land Rover 109

Saa 12 na nusu asubuhi nipo kwenye daladala kutoka Uyole, mikono kwapani. Julai ya Mbeya chuma kinauma. Spana iliyolala gereji haishikiki mpaka dogo awashe jiko la mkaa. Tukifika Mafiati tunafagia, tunapanga vifaa, tunakunywa chai na chapati, kisha breki za Noah moja na oili ya Canter. Kufikia saa 3 hizo zimeisha.

Saa 3 na robo ikaingia Land Rover 109, Series IIA ya mwaka 1969, injini ya petroli ya cc 2286. Mwenyewe ni mzee mstaafu kutoka Tukuyu. Aliyekaa pembeni yake ni mnunuzi kutoka Dar, alishuka Songwe jana na ndege yake ya kurudi ni jioni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Huyu bwana anataka kujua kama injini ni yenyewe."

Bwana hakungoja. "Fundi, nipe jibu tu. Ndani ni orijino au imechezewa? Namba nimeshaangalia, imekubaliana na kadi."

Naandika haya kwa sababu ya swali hilo. Watu wanaamini fundi akifungua boneti na kusikiliza muungurumo, jibu analo. Halafu jibu likija kuwa si kweli, fundi ndiye mwongo.

Namba aliyoiona imegongwa kwenye bloku, upande wa kushoto kwa mbele, jirani na manifoldi ya ekzosi. Niliipiga brashi ya waya, nikaisoma, ikalingana na kadi kweli. Lakini hiyo ni namba ya bloku. Haisemi kitu kuhusu pistoni, kranki (shafti kubwa inayozungushwa na pistoni) wala konrodi (mkono unaounganisha pistoni na kranki). Bloku inaweza kuwa ileile iliyotoka Solihull, kiwandani Uingereza, na kila kinachozunguka humo kikawa kimeingia baadaye.

Tulianza na kompresheni, yaani kupima nguvu ya hewa inayobanwa ndani ya kila silinda, maana haihitaji kubomoa. Plagi nne nje, geji ndani, starta. Silinda zote zikakaribiana. Mnunuzi akatoa simu, akalinganisha na kitabu, akatangaza kwamba injini imekufa na mzee apunguze bei. Nikamzuia hapohapo. Mbeya tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini ileile ikipimwa huku geji husoma pungufu karibu moja ya tano kuliko Dar. Huwezi kumkata mzee bei kwa sababu ya hewa ya Mbeya. Na hata ingesoma vizuri kiasi gani, kompresheni inaeleza afya ya injini, haielezi asili yake.

Nikasema basi, nishushe sampu, bakuli la oili chini ya injini, na ning'oe hedi, kifuniko cha juu cha silinda. Gasketi ya hedi ikishatoka hairudi, lazima inunuliwe mpya. Nani analipa?

Hapo siku ilisimama. Mnunuzi alisema hawezi kulipia gari ambayo bado si yake. Mzee akasema gari inatembea, ya nini kuipasua. Mnunuzi akampigia rafiki yake Dar, akaniwekea sauti ya nje. Rafiki akasema fundi wa kweli anajua kwa kusikiliza. Nikamwambia kwa heshima kwamba sikio linasikia tapeti zilizolegea na beringi iliyokufa, ila halisomi maandishi yaliyo mgongoni mwa beringi. Mnunuzi akaomba basi niandike tu kwamba "inaonekana orijino", atanilipa hivyohivyo. Nilikataa. Akazunguka gari, akarudi, akaomba tena, safari hii kwa kunong'ona ili mzee asisikie. Nikakataa tena, kwa sauti. Wateja wengine wawili walishafika na kuondoka. Mwishowe mzee ndiye aliyesema, "Fungua mwanangu. Nusu ya gasketi nitatoa mimi. Na mimi nataka kujua."

Saa 6 ilishapita nilipoingia chini. Oili ya baridi ilinishuka mpaka kwenye kiwiko. Nikahesabu vifuniko vya beringi kubwa za kranki: vitatu. Vizuri. Injini hizi zilianza kutoka na vitano mwaka 1980, na kwa kuwa namba hugongwa upya na wajanja, vitano kwenye gari ya 1969 vingemaliza mazungumzo. Nikafungua kifuniko cha konrodi moja, nikatoa nusu ya beringi, nikaifuta kwa tambara na kuigeuza chini ya tochi. Mgongoni: 020. Maana yake kranki imeshasagwa sehemu 20 kati ya elfu za inchi, kama nusu milimita. Huenda ni ile ya kiwandani, lakini mashineni imepita.

Hedi ilinila mgongo. Maji nje, rokashafti, pushirodi zikachomekwa kwenye boksi kwa mpangilio wake, boliti moja ikagoma mpaka nikaipa muda na mafuta ya taa. Sijui ilikuwa saa ngapi tulipoinyanyua, dogo upande huu na mimi ule. Chakula kilishapoa.

Nikakwangua masizi juu ya pistoni ya kwanza: STD, yaani kipimo cha kwanza cha kiwandani. Mnunuzi akapiga makofi. Vernia, kifaa cha kupimia upana, nayo ikasoma silinda milimita tisini na nusu hivi, na kipimo cha kiwandani ni milimita 90.47. Akaanza kumpongeza mzee.

Nikamwomba ainame. Nilipitisha msasa laini kwenye mdomo wa silinda, uso wa bloku ukang'aa, na pale ukaonekana mstari mwembamba wa duara, unazunguka silinda yote. Kucha ikipita juu yake inausikia. Huo ni ukingo wa slivu, bomba la chuma linaloingizwa ndani ya silinda iliyochakaa. Injini hii ilitoka kiwandani bila slivu, silinda zimechongwa kwenye bloku yenyewe. Mtu aliitoboa, akaivisha, akarudisha pistoni za kipimo cha kwanza. Kwa hiyo STD ile ni ya ukarabati. Tukakwangua silinda nyingine tatu: zote zina mstari.

Mzee alikaa kwenye tairi akasema, "Miaka ya 80 ilikaa gereji muda mrefu. Vipuri havikuwepo. Sikuwahi kuuliza walifanya nini." Yeyote aliyeifanya alikuwa hodari, slivu zimekaa sawasawa na bloku, nikamwambia mnunuzi hivyo pia.

Niliandika karatasi: bloku inalingana na kadi, beringi kubwa tatu, kranki imesagwa, silinda zote zimevishwa slivu, kemshafti haikufunguliwa. Neno orijino sikuliandika. Mnunuzi aliisoma mara mbili, akalipa, wakavutana bei pembeni, sikuwafuata. Mzee aliomba nakala, akaikunja ndani ya kadi ya gari.

Gasketi inapanda basi la usiku kutoka Dar. Nimemwambia dogo kesho awahi, uso wa hedi uwe umesafishwa kabla haijafika.