Nilivyoacha Sigara Nakuru kwa Kuiegemea Sheria

Watu wengi niliowasikia wakieleza jinsi walivyoacha sigara husema kwamba siku moja waliamua, wakaitupa, na hadithi ikaishia hapo. Mimi sikuacha hivyo. Niliacha kwa kuegemea mambo ambayo serikali ilikuwa imekwisha kuyaweka, mengine tangu zamani, na ambayo kwa miaka mingi niliyaona kuwa ni kero iliyotungwa ili askari wa kaunti wapate mtu wa kukamata. Ninaandika kwa ajili ya mvutaji wa mji kama wetu, mwenye kipato cha kawaida, ambaye anataka kuacha lakini hana fedha za kumlipa mtaalamu.

Mimi ni karani wa ghala la mbegu na mbolea hapa Nakuru. Manispaa yetu ilipiga marufuku uvutaji wa sigara hadharani mwaka 2006, kabla Bunge halijapitisha Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007, ambayo ilieneza katazo hilo nchi nzima: kazini, katika magari ya abiria, hotelini, hospitalini na shuleni. Anayekamatwa akivuta mahali palipokatazwa anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 50,000, au kufungwa hadi miezi sita, au kupewa adhabu zote mbili. Kwa hiyo nilipoajiriwa nililikuta bango la katazo ukutani, na desturi ya wavutaji ilikuwa kutoka nje ya lango wakati wa chai ya saa nne, kuvuka barabara, na kusimama nyuma ya kibanda cha mama mmoja anayeuza maziwa, mandazi, kadi za simu na sigara.

Kibanda hicho ndicho kinachoeleza kwa nini onyo lililo kwenye pakiti halikunigusa hata kidogo. Kenya ilianza kudai picha za maradhi kwenye pakiti za sigara mwaka 2016, kwa mujibu wa kanuni za mwaka 2014, na maandishi ya onyo yamo kwa Kiswahili na Kiingereza. Ni kazi nzuri, lakini mimi sikuwa na pakiti. Aliyekuwa nayo ni muuzaji. Aliiweka chini ya meza, akanitolea kijiti kimoja, nami nikakiwasha kwa kiberiti cha gesi kilichofungwa kwa kamba kwenye nguzo ya kibanda. Miaka yote hiyo picha ile ilikuwa ikimtazama yeye, na yeye havuti. Sheria ile ile ya 2007 inakataza sigara kuuzwa moja moja, kwa kuwa inataka pakiti isipungue sigara kumi, lakini sijui kibanda kinachoifuata. Kwa maoni yangu hapa ndipo pengo kubwa kuliko yote lilipo, na ndipo nilipoanzia nilipoamua kuacha.

Sababu ya kuamua ilikuwa presha. Tangu serikali ilipozindua mpango wa wahamasishaji wa afya ya jamii nchi nzima, Septemba 2023, mtaa wetu umepata mama mmoja ambaye hupita nyumba hadi nyumba akiwa na mkoba na mashine ya kupimia. Alinipima nikiwa nimeketi barazani, akapima tena baada ya kunipumzisha, kisha akaniuliza mbele ya mke wangu kama navuta. Nikasema navuta kidogo. Mke wangu akakohoa. Yule mama hakunigombeza. Aliniambia tu, "Baba, kila sigara moja inaipandisha presha hiyo kwa muda, na wewe humpi moyo wako nafasi ya kutulia kabla hujawasha nyingine. Nenda kituo cha afya ukapimwe vizuri, na suala la sigara ulianze wakati huo huo."

Katika kituo cha afya walinipima na kunipa dawa ya presha, lakini kuhusu sigara walikuwa na ushauri tu, yaani niache. Mhudumu mmoja aliniongezea jambo la maana zaidi kwa kuniandikia namba 1192, ambayo ni namba ya bure ya NACADA, mamlaka ya kitaifa inayoshughulikia pombe na dawa za kulevya. Nilidhani wanaopiga huko ni walevi na vijana wa bangi peke yao. Mshauri aliyenipokea aliniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: baada ya kuamka, hukaa muda gani kabla ya kuwasha sigara ya kwanza? Nikamjibu kwamba naiwasha nikisubiri maji ya kuoga yapate moto. Akaniambia kwamba anayevuta kabla ya nusu saa kupita tangu aamke ana uraibu mkubwa, hata kama idadi ya sigara zake si kubwa, na kwamba ningefanya vyema kumwona mfamasia kuhusu chingamu ya nikotini badala ya kutegemea ukaidi wangu.

Nitakaa kidogo kwenye chingamu hiyo, kwa sababu wengi huinunua, wakaitumia vibaya, kisha wakatangaza kwamba haifanyi kazi. Ipo ya miligramu 2 na ya miligramu 4, na mtu wa aina yangu, anayevuta mapema asubuhi, huanza na ile ya 4. Haitafunwi mfululizo. Unaitafuna polepole mpaka usikie ukali wa pilipili mdomoni, halafu unaiegesha kati ya shavu na ufizi na kuiacha. Ukali ukiisha unatafuna tena kidogo na kuihamishia upande wa pili, na mambo huendelea hivyo kwa takriban nusu saa. Nikotini yake inapaswa kuingia mwilini kupitia ngozi ya ndani ya mdomo. Ukitafuna kwa pupa na kumeza mate, inaishia tumboni, na unachopata ni kwikwi na kichefuchefu. Kahawa, soda na juisi huizuia isifyonzwe, kwa hiyo hutakiwi kunywa vitu hivyo kwa robo saa kabla ya kuitia mdomoni wala ukiwa nayo. Mfamasia alinipangia kutumia moja kila baada ya saa moja au mbili kwa wiki sita za mwanzo, kisha kuzitenganisha zaidi na zaidi hadi wiki ya kumi na mbili. Bei yake haikuwa ya mchezo. Nilinunua kidogo kidogo kadiri fedha zilivyopatikana, na si kila duka la dawa lililokuwa nayo.

Kisha nikarudi kwa mama wa kibanda, nikamwomba afuate sheria kwangu mimi tu.

"Mama, kuanzia leo nikija kutaka sigara uniuzie pakiti nzima. Moja usinipe hata nikikusihi."

Alicheka sana. "Karani, pakiti nzima utaiweza na mshahara haujaingia?"

"Ndiyo maana nakuomba."

Alilitii neno lake kwa ukali kuliko nilivyotarajia. Nilipomjia asubuhi moja nikiwa na sarafu mkononi, alinyanyua pakiti, akaigeuza ile picha upande wangu, akanitajia bei yote. Nikanunua maziwa. Hapo ndipo nilipouelewa mkono wa kodi, jambo ambalo awali nililiona kuwa ni njia ya serikali kutukamua. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2024 ushuru wa bidhaa ni shilingi 4,100 kwa kila sigara 1,000, na sigara zisizo na kichungi, ambazo ndizo kimbilio la mtu maskini, zililinganishwa na zenye kichungi. Hiyo ni zaidi ya shilingi nne kwa kila kijiti. Anayenunua moja moja haisikii kodi hiyo sana, kwa kuwa inajificha ndani ya sarafu. Anayelazimika kulipia pakiti anaisikia yote kwa pamoja.

Bango la kazini nalo nililigeuza kuwa msaada. Nilihamisha chai yangu ya saa nne ndani ya lango, nikaketi na wapakiaji wasiovuta. Ilikuwa ajabu kugundua kwamba siku ya kazi ilikuwa imekwisha kugawanywa na sheria katika vipande virefu visivyo na sigara, na kwamba kilichobaki kwangu kilikuwa kuvishinda vile vipande vifupi vya katikati. Hamu ikija kwa nguvu haidumu zaidi ya dakika chache. Niliihesabu kwa kupanga stakabadhi.

Siku mbili tatu za kwanza ndizo mbaya zaidi, na hivyo ndivyo mshauri alivyokuwa amenionya: hasira bila sababu, usingizi wa vipande vipande, njaa ya saa tano usiku. Wiki zilizofuata zilikuwa nyepesi kidogo. Kijana mmoja pale ghalani alinishauri nitumie vifuko vya nikotini vinavyowekwa chini ya mdomo, kwamba havina moshi na havina harufu. Nilivikataa, kwa kuwa chingamu ilikuwa na ratiba ya kupungua mpaka kwisha, ilhali mwenye vifuko yule hakuwa na mpango wowote wa kuviacha.

Chingamu iliisha, na sigara sijairudia. Presha yangu ingali inahitaji dawa, ingawa daktari amepunguza kipimo.

Nilipopata nguvu nilihudhuria mkutano wa ushiriki wa umma kuhusu bajeti ya kaunti katika wadi yetu. Wengi walizungumzia barabara na maji, na nilipopewa nafasi yangu baadhi ya watu waliguna. Niliwaeleza kwamba utafiti wa kitaifa wa mwaka 2014 ulikuta asilimia 11.6 ya watu wazima nchini wakitumia tumbaku, yaani watu wapatao milioni 2.5, na kwa wanaume peke yao asilimia 19.1, kwamba Shirika la Afya Duniani liliingiza chingamu na bandiko za nikotini katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2009, na kwamba kanuni za 2014, ambazo Mahakama ya Juu ilizithibitisha mwaka 2019 baada ya kampuni ya sigara kuzipinga, zinawataka watengenezaji na waagizaji wa tumbaku kuchangia asilimia 2 ya thamani ya bidhaa zao katika hazina ya kudhibiti tumbaku. Nikaomba vitu viwili: chingamu hiyo ipatikane katika kituo chetu cha afya kama dawa ya presha inavyopatikana, na maafisa wa afya ya umma wavitembelee vibanda kuhusu sigara za moja moja kwa maelezo kwanza, kabla ya faini. Ombi la kwanza liliandikwa. La pili lilizua ubishi uliochukua muda mrefu kuliko barabara, kwa kuwa wenye vibanda walikuwa wamejaa mle ukumbini, na mama wa kibanda changu alikuwa miongoni mwao.

Alisimama akasema kwamba yeye yuko tayari kuuza pakiti nzima kwa kila mtu, mradi jirani yake wa upande wa pili wa barabara alazimishwe vivyo hivyo.