Gundi ya kijazo kwenye shingo ya jino: ninavyoifanya ishike

Kijazo cha shingo ya jino, yaani cha kuziba pango pale jino linapokutana na ufizi, kinategemea gundi kuliko kijazo kingine chochote. Pango lake huwa la kina kifupi, halina kuta za kukibana, hivyo gundi ikiachia, kijazo hudondoka kizima. Ukingo wa upande wa ufizi ndio mgumu zaidi, kwa sababu pale enameli, ganda gumu la nje la jino, ni nyembamba mno au haipo kabisa, na gundi inabaki kushika dentini, tabaka lililo chini ya enameli, na simenti inayofunika mzizi.

Kabla ya yote naangalia dentini. Iliyolika kwa miaka mingi huwa ya njano au kahawia na inang'aa kama kioo. Mirija yake imezibwa na madini, kwa hiyo asidi ya kuchimba uso wa jino na resini, utomvu wa gundi unaoganda, hazipenyi. Naiparuza kidogo kwa kichwa laini cha almasi mpaka mng'ao uondoke, basi. Kuchimba zaidi hakuongezi kitu.

Unyevu ndio unaoharibu kazi nyingi. Ufizi hutoa majimaji muda wote, hata usipovuja damu. Pale mpira wa kutenga jino unapokaa vizuri, nautumia. Pasipowezekana, nachomeka uzi mwembamba wa kusukuma ufizi, namba 000 au 00, kabla ya kuweka asidi, na hautoki mpaka kijazo kigande. Ufizi uliovimba unaotoka damu ukiguswa tu, naahirisha: nasafisha ukoga, namwelekeza mgonjwa namna ya kupiga mswaki, anarudi ukishapona. Dawa ya kuzuia damu yenye kloridi ya alumini hupunguza mshiko kwenye dentini, kwa hiyo ikibidi kuitumia naiosha kwa maji mengi.

Kwa gundi napendelea ya hatua mbili inayojichimbia yenyewe (ina asidi yake ndani), yenye molekuli ya 10-MDP, kwa kuwa molekuli hiyo hushikana kikemia na kalisi ya jino. Asidi ya fosforiki ya 37% naipaka kwenye enameli tu, sekunde 15 hadi 30, kisha naosha. Ikimwagikia dentini, hufichua kolajeni, nyuzi za protini za dentini: ukiikausha kupita kiasi kolajeni hulala na resini haipenyi, ukiiacha na maji mengi, maji hubaki ndani ya gundi. Gundi za chupa moja ni za haraka, ila nyingi hufyonza maji na mshiko wake hupungua mapema.

Kupaka si kupitisha brashi mara moja. Nasugua kwa sekunde 20 au kama mtengenezaji alivyoelekeza, halafu napuliza hewa, mwanzo taratibu, mpaka utando uache kutembea mbele ya hewa. Ukitembea bado, kiyeyushi, kimiminika kinachoyeyusha gundi, bado kimo ndani, na gundi haitaganda sawasawa. Ichunguze pia kona ya ufizi, kwani gundi hupenda kutuama pale. Ifyonze kwa brashi kavu. Taa ya kugandishia naishika karibu na kuielekeza moja kwa moja kwenye pango, maana shavu au mdomo huisukuma upande bila mtu kutambua.

Kompoziti, yaani kijazo chenyewe cha resini, naiweka kwa matabaka yasiyozidi mm 2. Tabaka la kwanza halishiki ukingo wa juu na wa chini kwa pamoja, maana likijikunyata wakati wa kuganda hung'oa upande dhaifu, yaani ule wa ufizi.

Pale unyevu usipozuilika, naacha kompoziti na kutumia glasi ionoma yenye resini, aina nyingine ya kijazo, baada ya kupaka asidi ya poliakriliki ya 10% kwa sekunde 20 na kuosha. Haipendezi wala haing'arishiki kama kompoziti, lakini kwa kushika shingo ya jino ina rekodi nzuri sana.

Kijazo kikidondoka, kagua pango kabla ya kurudia. Dentini ikiwa tupu, gundi ndiyo iliyoachia jino: tafuta unyevu, mng'ao ulioachwa au kiyeyushi. Vipande vya kompoziti vikibaki vimeshika, kijazo kimevunjika chenyewe. Hapo pima namna meno yanavyokutana, na pima nguvu ya taa.